Pikapu mpya au Kobe wa 1972: nilichomwambia shemeji

Mwezi wa saba, baridi ikiwa imekaa Nairobi kama mgeni asiyejua kuaga, shemeji yangu alinipigia simu. Ana pesa za gari, lakini roho yake imegawanyika. Huku kuna Isuzu D-Max mpya, pikapu ya milango minne, ambayo sacco yake iko tayari kumkopesha. Kule kuna Volkswagen ya zamani, ile ya mgongo wa mviringo, aliyoiona imeegeshwa Ngara ikiwa na karatasi ya "inauzwa" kwenye kioo. "Wewe umeishi na yote mawili," akasema, "niambie ukweli."

Nilicheka kwanza. Ni kama mtu kuuliza anunue ng'ombe au kinanda. Lakini kweli nimeishi nayo yote mawili. Kobe wa baba, VW 1300 ya mwaka 1972, niko naye miaka 11 sasa. Na pikapu ya duka la vifaa vya ujenzi la kaka yangu kule Ruiru ndiyo ninayoiendesha siku nne kwa wiki. (Tangu utotoni tulimwita Kobe na kumtaja kama mtu. Mtanivumilia.)

Tuanze na vipimo, maana hapo hakuna ubishi. Kobe ana urefu wa mita 4 na kidogo, upana wa mita 1.55, na akiwa mtupu uzito wake ni kilo 820 hivi. Injini iko nyuma, silinda zake 4 zimelala mbili kushoto mbili kulia, zinapozwa kwa upepo wa feni wala si kwa maji, na nguvu zake ni za farasi 44. D-Max ya lita 3.0 ya toleo la sasa inakaribia urefu wa mita 5.3 na upana wa mita 1.9. Injini yake ni ya dizeli yenye tabo (turbo, pampu inayoisukumia hewa), nguvu za farasi 190, na inabeba karibu tani moja. Ukiyaegesha pamoja, Kobe anaonekana kama kitu kilichodondoka kutoka nyuma ya pikapu.

Halafu zile farasi 44 zilihesabiwa Ujerumani, si hapa. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi, na injini ya kabureta isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda. Piga hesabu: Kobe wa Nairobi amebaki na farasi 36 hivi, na akielekea Limuru, ambako mwinuko unapita mita 2,000, wengine wanazidi kushukia njiani. Kutoka Kangemi kupanda Waiyaki Way mimi hushika gia ya tatu mapema, nakaa kushoto, na kuwaacha wenye haraka wapite. Pikapu haina habari na mwinuko huo. Tabo inaisukumia hewa ya kutosha, na unafika Rironi ukiwa bado unazungumza na abiria wako kwa sauti ya kawaida.

Watu wengi huniuliza kama injini isiyo na rejeta haichemki kwenye jamu. Miaka 11, Kobe hajawahi kunichemkia Uhuru Highway. Kinachomchemsha ni mlima mrefu, dereva akiwa mvivu wa kurudisha gia: injini inazunguka polepole, feni nayo inazunguka polepole, na joto halina pa kwenda. Ukitaka apoe, rudisha gia na umwache apige kelele. Wageni wa gari hili hufanya kinyume, wakidhani kelele ndiyo inayomchosha.

Kwenye mafuta nilishangaa mwenyewe. Nilianza kuandika kwenye daftari kila ninapojaza, nikitarajia pikapu inifilisi. Mjini, Kobe ananipa kilomita 10 kwa lita, akiwa amerekebishwa vizuri 11. Pikapu ikiwa na mzigo wa wastani inanipa 10 au 11. Gari lenye uzito zaidi ya mara mbili, na daftari linasoma karibu sawa! Miaka hamsini ya wahandisi imo humo. Kwa kuwa dizeli mara nyingi huwa chini ya petroli kidogo EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, inapotangaza bei tarehe 14 ya kila mwezi, usinunue Kobe ukidhani udogo wake utakuokoa kwenye kituo cha mafuta. Tofauti utakayoisikia ni ya kujaza tanki tu: lita 40 kwa Kobe, 76 kwa pikapu.

Kwenye kuegesha Kobe anashinda bila jasho. Nenda Kirinyaga Road saa nne asubuhi na pikapu ya milango minne, uniambie ulizunguka mara ngapi. Kwenye maduka makubwa ya chini kwa chini, pua ya pikapu inabaki nje ya mstari na askari anakutazama kama umemkosea. Kobe nimemwingiza mahali ambapo bodaboda wawili walikuwa wamesimama.

Sasa tuje kwenye mzigo, ambako shemeji alidhani jibu ni rahisi.

Kaka yangu hubeba saruji. Mfuko mmoja kilo 50, kwa hiyo tani moja ni mifuko 20. Lakini ule uwezo wa pikapu unahesabu kila kitu kilichomo, watu pia. Weka watu wazima watano wa kilo 70 kila mmoja, tayari umetumia kilo 350, na saruji iliyobaki ni mifuko 13. Hilo muuzaji hakwambii. Tena sanduku la pikapu ya milango minne ni fupi, kama mita 1.5, kwa sababu siti za nyuma zimekula nafasi. Mabati ya mita 3 yanatoka nje nusu nzima, unafunga kitambaa chekundu na kuomba usikutane na askari mwenye njaa. Kama kazi yako ni mabati na mbao kila siku, usichukue ya milango minne hata kidogo; chukua ya kabini moja, sanduku lake ni refu. Ya milango minne ni ya mtu anayetaka Jumatatu abebe mifuko, Jumapili abebe wake na watoto kanisani.

Lipo jingine ambalo haliandikwi kwenye kitabu cha gari: pikapu ni mali ya ukoo. Kaka alipoinunua, alidhani ameinunua yeye. Jumamosi ya kwanza, binamu alikuwa anahama kutoka Kasarani kwenda Kitengela. Jumamosi ya pili, tanki la maji la shangazi. Ya tatu, mbuzi wa mahari, wanne, ambao walikojolea sanduku mpaka harufu ikahamia kwenye siti. Kisha zikaja tenti na viti vya plastiki vya harambee, na msiba ambao huwezi kuukataa hata ungekuwa umelala hospitalini. Ukikubali, mafuta ni yako. Ukikataa, wewe ni yule mtu aliyebadilika tangu apate gari. Nimemsikia kaka akidanganya kwenye simu kwamba gari liko gereji, nalo limesimama hapo hapo mbele yake, na sikumlaumu.

Kobe hana shida hiyo. Katika miaka yote hii hakuna aliyeniomba nimhamishe. Buti iko mbele, gurudumu la akiba limejaa humo, na baada ya begi mbili umemaliza. Jumla ya mzigo wake, watu wakiwamo, ni kama kilo 380. Watu huniomba jambo moja tu: harusi. Bibi harusi anataka picha akiwa ameegemea mlango. Hapo angalau huja na bahasha, na gari hurudi likiwa na maua.

Tuje kwa fundi. Kwa Kobe, fundi ni wewe. Usijidanganye kwamba utampeleka gereji mara moja kwa mwaka na kusahau. Kila kilomita 5,000 namwaga oili, lita 2.5 tu, na nampima valvu injini ikiwa baridi kabisa, asubuhi kabla ya chai, nafasi ya milimita 0.15. Spana ya 13, bisibisi, kipande chembamba cha chuma cha kupimia, na mkeka wa kulalia. Nikimaliza, nasikia tofauti hata bila kutoka uani. Kuna raha ndani yake ambayo siwezi kumweleza mtu ambaye hajawahi kuwa na grisi kwenye kiwiko. Lakini Jumamosi ile umevua viatu ukatamani tu kulala, valvu bado zinakungoja.

Spea zipo, na hili huwashangaza wengi. Magari haya yalitengenezwa zaidi ya milioni 21, la mwisho likitoka Puebla, Mexico, mwaka 2003, kwa hiyo viwanda vya spea havijaacha kuyahudumia. Vitu vya kawaida nimevipata Kirinyaga Road: mkanda wa feni, kebo ya klachi, pointi, viatu vya breki. Vya bodi ni vigumu zaidi. Afrika Kusini waliyatengeneza kule Uitenhage mpaka 1979, nayo yalikuwa ya usukani wa kulia kama yetu, kwa hiyo mtu akisafiri huko mpe orodha.

Kinachoua Kobe wa hapa ni kutu na shoti ya umeme, si injini. Ngoja nieleze la betri. Betri yake iko chini ya siti ya nyuma, upande wa kulia, na siti ile ina springi za chuma. Mwaka wa pili nikiwa naye, nilimbeba mama mkubwa kwenda kwenye mkutano wa akina mama. Mama mkubwa ni mtu mwenye heshima na uzito wa kutosha. Tulipopita mzunguko wa Globe akauliza, kwa upole kabisa, "Mwanangu, hili gari lako lina jiko huku?" Springi zilikuwa zimeshuka zikagusa vichwa vya betri, na manyoya ya siti yalikuwa yameanza kufuka moshi. Tulitoka mbio. Nilivuta siti nikaitupa kando ya barabara, nikaimwagia chupa ya maji ya kunywa, na muuza miwa mmoja akaniongezea ndoo yake. Kifuniko cha betri, ambacho gari lilitoka nacho kiwandani, kilikuwa kimepotea miaka mingi, na fundi fulani aliyebadilisha betri hakuona haja ya kuweka kingine. Sasa nimeweka kipande cha mpira wa tairi. Mama mkubwa hupanda matatu.

Jambo la pili la moto: mpira wa petroli unaopita juu ya injini. Joto huukausha, unapasuka, petroli inadondoka karibu na distribyuta, inayogawa umeme wa cheche, na ndiyo maana Kobe wengi wameishia kuwa majivu. Mpira huo ni wa pesa kidogo. Ubadilishe siku ile ile unayonunua, kabla hata ya kumwonyesha mkeo gari.

Pikapu ni kinyume chake. Huna unachogusa. Unafungua boneti, unaona plastiki, unafunga. Ikiwa na sevisi kwa wakati na dizeli safi, inakwenda tu, na hiyo ndiyo sababu wafanyabiashara wanaipenda; isitoshe inaunganishwa hapa hapa Nairobi, kiwanda cha Isuzu cha Eneo la Viwanda, kwa hiyo fundi na spea hawako mbali. Tatizo ni siku inapokataa. Injini za sasa hunyunyiza dizeli kwa shinikizo kubwa mno kupitia noseli zenye matundu membamba kama unywele, na uchafu kidogo unaziharibu. Kaka alijaza mafuta mahali fulani njiani akitoka shamba, bei ikiwa ya kuvutia, na kilomita 40 baadaye taa ikawaka, gari likaanza kukohoa. Noseli zote nne. Bili ile ingenunua injini nzima ya Kobe na chenji ikabaki. Uchanganyaji wa dizeli na mafuta ya taa ulikuwa umezidi nchini mpaka mwaka 2018 serikali ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya mchezo huo. Hata hivyo, weka mafuta kituo kimoja unachokiamini, na uhifadhi risiti.

Usalama. Hapa sitazunguka. D-Max ina mifuko ya hewa, breki zisizofunga magurudumu, na bodi iliyotengenezwa kujikunja kabla wewe hujakunjika. Toleo hili lilipata nyota 5 kwenye majaribio ya ANCAP ya Australia mwaka 2020. Lakini nyota zilipewa gari lenye vifaa vyote, kwa hiyo muulize muuzaji wa hapa, kwa maandishi, hiyo unayolipia ina mifuko mingapi ya hewa. Kobe ana breki za ngoma magurudumu yote manne, tanki la petroli mbele ya magoti yako, na usukani mwembamba unaoelekea kifuani. Mikanda ya nyuma haikuwapo kabisa, niliweka mwenyewe. Ekseli zake za nyuma zina tabia ya kujikunja ukikanyaga breki katikati ya kona. Mimi simwendeshi Thika Road usiku, na watoto simpakii zaidi ya mtaani. Mtu akiniambia "mbona wazee wetu waliendesha," namwambia wazee wetu hawakuwa na lori la mchanga nyuma yao likienda kilomita 100 kwa saa.

Ingawa, kwa heshima ya Kobe, barabara mbovu si ngeni kwake. Mbio za Safari zilipoanza mwaka 1953, VW kama huyu iliyoendeshwa na Alan Dix ndiyo iliyomaliza na adhabu chache kuliko zote, kisha VW zikashinda tena 1954, 1957 na 1962. Matope ya wakati huo yalikuwa matope. Kwenye vijia vya murram kule kwetu bado namwona akipita penye magari mapya ya chini yanasita, kwa sababu uzito wa injini unakandamiza magurudumu ya nyuma yanayosukuma. Pikapu tupu, kwa upande mwingine, nyuma yake ni nyepesi. Kwenye matope bila kuingiza magurudumu manne, inateleza kama mtu aliyevaa soksi kwenye sakafu ya mbao.

Karatasi ndizo zilizomtoa shemeji jasho kuliko bei. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8, kwa hiyo Kobe utampata miongoni mwa waliobaki humu nchini, wenye namba za zamani zisizo na herufi ya mwisho. Wengi wao logbook iko kwa jina la mtu aliyefariki. Muuzaji atakuambia "hiyo ni kitu kidogo." Si kidogo. Kwetu ilibidi tumalize kwanza mirathi ya baba ndipo gari likahamishwa kwa jina langu. Ukimkuta Kobe mzuri ambaye jina la logbook na jina la kitambulisho cha muuzaji haviendani, mpige picha, mwage, uende zako. Bima nayo: kampuni nyingi zitakupa ile ya kulinda wengine tu, ukitaka kamili, jiandae kwa mthamini na maswali mengi. Pikapu hupata bima kamili bila shida, na aliyekukopesha ataidai kwa lazima. Ukiisajili ya biashara kuna ukaguzi wa NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani) kila mwaka na ushuru wa mapema wa KRA (mamlaka ya mapato), vyote vya kulipiwa.

Kwa hiyo nilimwambia hivi. Ikiwa hili ndilo gari lako la pekee, na kuna mtu anakula kutokana nalo, chukua pikapu, tena usitazame nyuma. Kobe awe gari la pili, la mtu mwenye mahali pa kumlaza pasipo na mvua na Jumamosi zisizo na mwenyewe. Mkopo wa pikapu utakunyima usingizi kila mwisho wa mwezi. Kobe atakuamsha kila asubuhi ukijiuliza kama atawaka. Chagua wasiwasi unaouweza.

Akakubali kwa mdomo, lakini nilijua hajamaliza. Jumapili tukaenda Ngara kumwona yule wa kuuzwa. Rangi ya buluu bahari, inang'aa, ya juzi juzi. Nikainua siti ya nyuma: betri haina kifuniko. Nikachukua bisibisi nikagonga sakafu chini ya miguu ya dereva, taratibu, kama daktari anavyogonga kifua. Mahali pa tatu bisibisi ikazama, nikaona lami. Muuzaji akasema hiyo ni ya kawaida, inachomelewa siku moja.

Shemeji hakusema kitu. Aliketi kwenye siti ya dereva, akashika usukani, akabonyeza kitufe cha maji ya kioo. Kwenye gari hili maji hayo husukumwa na upepo wa gurudumu la akiba, na gurudumu lilikuwa halina upepo, kwa hiyo likatoka tone moja likakaa pale kwenye kioo. Akalitazama kwa muda.

"Nikichukua pikapu," akasema, "utaniazima wako Jumapili moja moja?"

Nikamwambia hakuna shida. Na kwa kuwa atakuwa na pikapu, Jumamosi inayofuata nina mabati ya kupeleka nyumbani, ya mita 3, kwa hiyo aje na kitambaa chekundu.